Ahadi ya Mwaka Ambao Hutakuwepo Ofisini

Mhandisi kijana wa zamu kwenye mtambo wa gesi wa Madimba, mhasibu aliyeajiriwa na mkandarasi wa bomba kule Hoima, Uganda, mwanafunzi wa uhandisi wa petroli aliyepo Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Mlimani: wote husikia habari mbili zinazogongana. Wanaambiwa dunia inaachana na mafuta, na papo hapo wanaona bomba la mafuta ghafi la kilomita 1,443 likijengwa kutoka Hoima hadi Chongoleani, Tanga. Mwenye ndoto ya kuja kukalia kiti cha mkurugenzi mtendaji huchanganyikiwa zaidi. Aendelee kupanda ngazi, au atafute kazi nyingine kabla mlango haujafungwa?

Jibu langu ni kwamba kiti hicho kitakuwepo kwa miaka mingi bado, na wanahitajika watu wazuri wa kukikalia, tena wengi wao watoke huku kwetu. Lakini ukiitazama kwa makini mipango ya wakuu wa kampuni za mafuta iliyoanguka katika miaka hii, utaona haikuangushwa na kuchagua mafuta wala na kuchagua upepo na jua. Wakuu hao waliahidi jambo ambalo wenye fedha walikuwa hawajakubali kulisubiri. Ahadi ni deni, na katika kazi hii deni hilo hudaiwa kila robo mwaka, siku hesabu zinapotangazwa.

Mchukue Bernard Looney. Alizaliwa mwaka 1970, akakulia kwenye shamba la familia huko Kerry, Ireland, na akaingia BP, kampuni ya mafuta ya Uingereza, mwaka 1991 akiwa mhandisi wa uchimbaji visima. Alipanda cheo kwa cheo kwa karibu miaka 30 hadi Februari 2020 alipokuwa mkurugenzi mtendaji. Wiki moja tu baada ya kuketi alisimama London na kutangaza kwamba BP itafikia sifuri halisi ya hewa ukaa ifikapo 2050 au kabla. Agosti mwaka huo huo akaeleza kwa tarakimu: uzalishaji wa mafuta na gesi utapungua kwa asilimia 40 ifikapo 2030, na uwekezaji katika nishati safi utapanda mara kumi hadi kufikia dola bilioni 5 kwa mwaka. Siku hiyo hiyo alikata gawio la wanahisa kwa nusu.

Jipe nafasi ya kuelewa uzito wa jambo hilo la mwisho. Mwanahisa wa kampuni kubwa ya mafuta ya Uingereza anaweza kuwa mfuko wa pensheni, yaani mwalimu mstaafu au muuguzi mstaafu anayelipwa kila mwezi kutokana na gawio lile. Hakununua hisa kwa sababu anapenda mafuta. Alizinunua kwa sababu zinaleta fedha kwa wakati. Looney alikuwa na sababu nzito ya kukata, maana mwezi Aprili bei ya mafuta ghafi ya Marekani ilishuka hadi chini ya sifuri kwa siku moja kutokana na janga la Uviko. Hata hivyo, kumpunguzia mtu kipato chake cha leo na kumwahidi kampuni bora mwaka 2030, yote kwa siku moja, ni kumwomba subira ambayo hujajenga naye uhusiano wa kutosha kumwomba.

Kisha mambo yakageuka. Urusi ilipoivamia Ukraine Februari 2022, BP ikaamua kuachana na hisa zake za asilimia 19.75 katika Rosneft, kampuni ya mafuta ya Urusi, na hesabu zikabeba hasara ya takriban dola bilioni 24. Lakini bei ya mafuta na gesi ikapaa, na faida ya mwaka huo, bila kuhesabu pigo la Urusi, ikafika karibu dola bilioni 28. Wanahisa wakauliza: kwa nini tupunguze biashara inayotulipa hivi? Februari 2023 Looney akalegeza lengo la asilimia 40 likawa 25. Mrithi wake, Murray Auchincloss, Februari 2025 akaligeuza gurudumu lote, akapandisha uwekezaji wa mafuta na gesi hadi takriban dola bilioni 10 kwa mwaka na kupunguza fedha za nishati safi kwa zaidi ya dola bilioni 5, huku mfuko wa uwekezaji wa Elliott ukiwa umeshanunua hisa na kubisha mlangoni. Mwishoni mwa 2025 naye akaondoka, na bodi ikamtangaza Meg O'Neill aliyekuwa akiongoza Woodside ya Australia.

Hesabu mwenyewe. Lengo la 2030 liliwekwa na mtu mmoja, likabomolewa na wa pili, na mwaka 2030 wenyewe utamkuta mwingine kabisa ofisini. Ndiyo maana ushauri wangu wa kwanza kwa anayetaka kazi hii ni huu: kila lengo la mbali unaloliweka, lifunge kwenye jambo ambalo litakuwa limekamilika na kulipa wewe ukiwa bado kwenye kiti. Ukisema 2035, sema pia mwaka ujao utajenga nini, kwa fedha ipi, na nani ameshasaini kununua. Kama huwezi kujibu, lengo hilo litunze kwenye daftari lako mpaka uweze.

Wapo watakaosema basi dawa ni kukaa kimya na kuendelea kuchimba. Tarehe 26 Mei 2021 iliwajibu. Siku hiyo mahakama ya The Hague iliiamuru Shell ipunguze hewa ukaa kwa asilimia 45 ifikapo 2030. Siku hiyo hiyo, katika mkutano wa wanahisa wa ExxonMobil, mfuko mdogo wa Engine No. 1, wenye takriban asilimia 0.02 tu ya hisa, ulifanikiwa kuanza kuwang'oa wakurugenzi wa bodi, na kura zilipomalizika kuhesabiwa ukawa umeingiza watu watatu. Hukumu ya Shell ilitenguliwa kwenye rufaa Novemba 2024, na mkuu mpya, Wael Sawan, alikuwa ameshatangaza tangu 2023 kwamba uzalishaji wa mafuta hautapungua hadi 2030. Kwa hiyo ndani ya miaka minne wenye kampuni hizi walisukumwa upande mmoja, kisha wakasukumwa upande wa pili. Ukiteuliwa leo, tarajia mgeuko kama huo kutokea ukiwa madarakani. Mpango unaosimama kwa hali moja tu ya bei ya mafuta si mpango wa kuuweka mbele ya bodi.

Sasa tazama aliyefanikiwa kuihamisha kampuni nzima. DONG ya Denmark ilianza miaka ya 1970 kama kampuni ya serikali ya gesi na mafuta. Mwaka 2009, chini ya Anders Eldrup, ilijiwekea lengo kwamba asilimia 85 ya umeme na joto inavyozalisha itoke kwenye vyanzo safi ifikapo 2040. Henrik Poulsen alishika usukani 2012, kampuni ikiwa na madeni mazito. Aliuza vitu vingi, akachagua jambo moja, umeme wa upepo baharini, akalishikilia. Mwaka 2017 aliuza biashara yote ya mafuta na gesi kwa kampuni ya Ineos, na kampuni ikabadilisha jina kuwa Ørsted. Lengo la 2040 lilifikiwa 2019.

Wengi husimulia habari hii kama habari ya ujasiri. Mimi naiona zaidi kama habari ya mwenye mali. Serikali ya Denmark ilibaki na zaidi ya nusu ya hisa hata baada ya kampuni kuingia sokoni mwaka 2016, na serikali ile ilikuwa tayari kungoja. Pili, ujuzi ulikuwepo kabla ya tangazo. Mashamba ya upepo baharini yalianzia huko huko Denmark, Vindeby, mwaka 1991, kwa mitambo 11 iliyotoa megawati 5 kwa jumla. Kwa hiyo Poulsen aliikuza kazi ambayo mafundi wake walikuwa wameifanya kwa miaka 20 na zaidi. Looney, kinyume chake, aliingia kwenye upepo wa baharini Septemba 2020 kwa kununua nusu ya miradi ya kampuni ya Equinor ya Empire na Beacon, Marekani, kwa dola bilioni 1.1. Miaka mitatu baadaye BP ilifuta dola milioni 540 kwenye thamani ya miradi hiyo.

Hapa inafaa tuingie ndani, kwa sababu mwenye ndoto ya ukurugenzi lazima aijue hesabu hii kama anavyojua jina lake. Shamba la upepo baharini hula karibu fedha zote mwanzoni: vyuma, nyaya, meli za kusimika. Upepo wenyewe ni bure, lakini bei ya umeme imeshafungwa kwenye mkataba miaka kadhaa kabla ya kununua chuma. Tuseme mradi una mkopo wa dola bilioni 2. Kwa riba ya asilimia 3, unalipa riba ya dola milioni 60 kwa mwaka. Riba ikifika asilimia 7, unalipa milioni 140. Bei ya uniti haijapanda hata senti. Ndicho kilichotokea Marekani kuanzia 2022: riba na bei za vifaa zikapanda, BP na Equinor wakawaomba wasimamizi wa umeme wa New York wawaongezee bei, wakakataliwa Oktoba 2023. Wiki chache baadaye Ørsted yenyewe, bingwa wa kazi hii, ikafuta miradi yake miwili ya New Jersey, na baadaye mkurugenzi wake Mads Nipper, aliyempokea Poulsen, akapoteza kiti Januari 2025.

Kisima cha mafuta kina tabia nyingine kabisa. Nacho kinataka fedha nyingi mwanzoni, lakini mafuta huuzwa kwa bei ya siku ile, kwa hiyo vitu vikipanda bei mara nyingi nayo hupanda, na kisima kikianza kutoa hurudisha fedha haraka katika miaka ya mwanzo kabla hakijachoka. Mtu aliyelelewa kwenye visima huleta silika hiyo kwenye upepo na kuumia. Aliyelelewa kwenye umeme naye haelewi kwa nini mafuta yanataka faida kubwa kwa hatari ya kuchimba shimo kavu. Wewe jifunze vyote viwili mapema. Ukiwa na miaka 30 na kitu, ukiwa mhandisi, omba kuhamishiwa kitengo cha fedha kwa miaka miwili, hata kama mshahara hautapanda. Kaa na watu wa mikopo na hatifungani. Uliza kwa nini mradi huu umepita na ule umekwama. Poulsen hakuwa mtu wa mafuta. Alipitia LEGO na kampuni ya simu ya TDC. Sultan Al Jaber wa Abu Dhabi alianza na Masdar, kampuni ya nishati jadidifu, mwaka 2006, na miaka 10 baadaye akapewa kampuni ya mafuta ya ADNOC. Njia ya kiti hiki haipiti tena kwenye mtambo wa kuchimba peke yake.

Yupo pia aliyeshika vyote viwili bila kudondosha: Patrick Pouyanné. Alipewa TotalEnergies, wakati huo ikiitwa Total, Oktoba 2014, siku chache baada ya mtangulizi wake Christophe de Margerie kufariki katika ajali ya ndege Moscow. Tangu hapo amejenga tawi la umeme huku akiendelea kuchimba, na hakuwahi kuahidi kupunguza mafuta kwa kasi ya Looney. Watetezi wa mazingira wanamlaumu vikali kwa hilo, na mimi sidhani lawama zao ni za bure. Lakini kwa anayejifunza kazi, ona jinsi alivyopanga: umeme unakua kwa fedha za gesi na mafuta, gawio halijakatwa hata wakati wa Uviko, na hakuna mwaka ambao wanahisa waliamka na kukuta kampuni nyingine tofauti na ile waliyoinunua.

Kwetu Pouyanné si jina la mbali. TotalEnergies ina asilimia 62 ya bomba la Hoima hadi Tanga. Uganda na Tanzania, kupitia mashirika yao ya mafuta UNOC na TPDC, zina 15 kila moja, na CNOOC ya China ina 8. Mafuta ya Ziwa Albert yana nta nyingi, hugandamana kwenye joto la kawaida, kwa hiyo bomba zima linavikwa kizuia joto na kupashwa kwa umeme ili mafuta yabaki kwenye nyuzi joto 50 hivi. Ni kazi ngumu ya kihandisi. Ila iliyomfuata mkuu wa kampuni hadi Paris ni kazi ya fidia. Mkulima aliyefanyiwa tathmini akaambiwa asipande tena mazao ya kudumu, kisha malipo yakachelewa, ana misimu iliyopotea ambayo hakuna anayemrudishia kwa urahisi. Malalamiko ya namna hiyo yaliingia kwenye mahakama ya Ufaransa kwa sheria ya mwaka 2017 inayowabana wakubwa wa kampuni kuangalia madhara ya shughuli zao nje ya nchi. Kesi ya kwanza ilitupwa Februari 2023 kwa sababu za kiutaratibu, nyingine ikafunguliwa mwaka huo huo. Basi ukiwa meneja wa eneo, orodha ya wanaodai fidia iwe mezani kwako kila wiki, na madai yaliyokaa zaidi ya miezi sita yafuatilie mwenyewe. Usimwachie ofisa uhusiano.

Nirudi kwa Looney, kwa kuwa kilichomwondoa hatimaye hakikuwa upepo wala mafuta. Septemba 2023 alijiuzulu baada ya kukiri kwamba hakuieleza bodi ukweli wote kuhusu mahusiano yake ya zamani na wafanyakazi wenzake. Desemba bodi ikasema alikuwa ameipotosha makusudi, ikamfukuza bila notisi, na akakosa stahili za hadi pauni milioni 32.4. Miaka 16 kabla yake, John Browne, mkuu wa BP aliyekuwa wa kwanza miongoni mwa wakubwa wa mafuta kukubali hadharani, mwaka 1997, kwamba mabadiliko ya tabianchi yanahitaji hatua, naye aliondoka kwa sababu ya kauli isiyo ya kweli aliyoitoa mahakamani kuhusu maisha yake binafsi. Watu wawili waliobeba ndoto kubwa ya kuibadilisha kampuni ileile, na ndoto zao zikabaki bila mtetezi kwa jambo ambalo ukweli uliosemwa mapema ungelimaliza. Inaniuma kila nikiifikiria. Ukiwa na uhusiano kazini, jaza fomu ya kutangaza maslahi siku hiyo hiyo. Ukiulizwa na bodi, jibu yote, hata lile ambalo hawajaliuliza. Watu wanaopinga mpango wako watatafuta mlango wa kupitia, na huo ndio ulio rahisi zaidi.

Usalama nitausema kwa ufupi ila kwa mkazo. Browne huyo huyo alikuwa madarakani kiwanda cha kusafisha mafuta cha Texas City kilipolipuka Machi 2005 na kuua watu 15. Tony Hayward aliyempokea aliangushwa na mlipuko wa Deepwater Horizon wa Aprili 2010 uliowaua watu 11. Kampuni inapohamia kwenye kitu kipya, mitambo ya zamani ndiyo inayonyimwa matengenezo na wafanyakazi wazoefu ndio wanaopunguzwa. Kataa kupunguza gharama mahali ambapo vali na mabomba yanazeeka.

Kwa wanaotarajia kuongoza kampuni za hapa nyumbani, mpito wa nishati una sura nyingine, na ni vibaya kuuongelea kwa maneno ya London. Tanzania ina mkakati wa kitaifa wa nishati safi ya kupikia wa 2024 hadi 2034, unaolenga asilimia 80 ya wananchi wawe wameachana na mkaa na kuni. Hiyo ni kazi ya watu wa gesi. Ipo biashara ya mtungi wenye mita ndogo juu yake: mama lishe analipia kwa simu kiasi anachomudu leo, gesi inafunguka, fedha ikiisha inajifunga. Kama ningekuwa na miaka 28 na cheti cha petroli mkononi, ningeomba kazi huko kabla ya kugombania nafasi kwenye kisima. Utajifunza mteja ni nani, anashindwa kulipa lini, na kwa nini anarudi kwenye mkaa mwezi wa Januari ada za shule zinapodaiwa. Wakurugenzi wengi wa mafuta hawajawahi kumwona mteja wa mwisho.

Jifunze pia kwa Turkana, Kenya. Mafuta yaligunduliwa kule mwaka 2012 na kampuni ya Tullow, na vijana wa Lokichar wakajipanga kwa ajira. Desemba 2019 uzalishaji wa kampuni hiyo nchini Ghana ulipokuwa chini ya matarajio, mkurugenzi mtendaji aliondoka na hisa zikaporomoka kwa zaidi ya asilimia 70 siku moja. Mwaka 2025 mali za Kenya ziliuzwa kwa Gulf Energy. Kisima hakikubadilika, mafuta yapo palepale. Lakini meneja wa Kenya asiyejua hali ya hesabu za Accra na London alikuwa hajui hatima ya mradi wake mwenyewe. Soma taarifa ya mwaka ya kampuni mama, kurasa za madeni kwanza, hata kama wewe ni fundi.

Siku ukiitwa kwenye usaili wa kiti chenyewe, uliza mambo haya kabla ya kuuliza mshahara. Nani anashikilia hisa nyingi, na amekubali kungoja miaka mingapi? Jibu la swali hilo liandikwe kwenye kumbukumbu za bodi. Gawio la chini kabisa wanaloweza kuvumilia ni lipi? Bei ya pipa ikishuka hadi dola 40, ni mradi gani utasimamishwa wa kwanza? Kisha uliza kuhusu mfuko wa kufungia visima. Sheria ya Petroli ya Uganda ya 2013 na ya Tanzania ya 2015 zote zinataka fedha za kuondoa mitambo na kurejesha ardhi zitengwe kabla ya visima kukauka. Omba uoneshwe salio la mfuko huo na ratiba ya michango, na kama imechelewa, fanya malipo yake kuwa sharti la wewe kusaini mkataba.